Korongo Likijaa: Andaa Kaya Yako Kabla Mvua Haijaanza Dodoma

Karibu, ndugu mtazamaji. Hapa tuliposimama ni chini kabisa ya korongo. Tazama: mchanga mkavu, nyayo za mbuzi, vijia vya watoto wanaokatiza kwenda shule. Sehemu kubwa ya mwaka korongo la Dodoma ni njia ya watu. Ndiyo maana linaua. Watu wamelizoea likiwa kavu.

Kwanza uelewe maji yanatoka wapi. Mvua zetu za msimu huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na nyingi hushuka kwa vishindo vya saa moja au mbili. Ardhi imekauka ikawa kama sakafu, majani hakuna, kwa hiyo maji hayazami, yanakimbia. Mvua inaweza kupiga milima ya Kiboriani, halafu Mpwapwa mjini wakaona maji kabla hawajaona tone. Mto Kinyasungwe nao hukusanya maji ya upande huu na kuyapeleka Gulwe na kuelekea Kilosa, ambako mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikata hata reli ya kati. Kwa hiyo ukitaka kujua kama uko salama, usitazame juu ya paa lako tu. Tazama mlimani, upande maji yanakotoka. Wingu jeusi likikaa kule, kwako hata jua likiwaka, korongo si njia tena.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA MAJI YALIFIKA WAPI

Tembea ukingoni ukiangalia juu, si chini. Sogeza kamera hapa kwenye mgunga. Unaona nyasi kavu, kitambaa na vijiti vilivyonasa kwenye miiba, juu kuliko kichwa changu? Hizo hazikupandishwa na upepo. Zililetwa na maji, na hapo ndipo maji yalipofika. Ukutani tafuta mstari wa tope. Kisha waulize wazee wa mtaa, maana miaka ya mvua kubwa wanaikumbuka vizuri kuliko alama yoyote.

Ukishapata kimo hicho, chagua jiwe au mti mkubwa unaoonekana kutoka uani kwako hata kwa tochi. Pima kina cha korongo kutoka mchangani hadi ukingoni, ugawe kwa mbili, upake mstari mnene wa rangi nyekundu hapo. Korongo la mita tatu, mstari uwe mita moja na nusu. Maji yakigusa mstari, nyumba yote inaondoka. Hakuna kikao, hakuna kusubiri baba arudi. Tunaweka nusu, si juu, kwa sababu maji ya korongo hupanda kwa dakika, na nusu iliyobaki ndiyo muda wako wa kutoka.

HATUA YA PILI: PITA NJIA YAKO USIKU

Chagua mahali pa juu: shule, kanisa, msikiti, nyumba ya ndugu kilimani. Sharti moja tu: njia isikatize korongo lolote, hata kale kadogo ka jirani. Watu wengi hukosea hapa. Wanakimbia korongo kubwa, wanaingia dogo.

Itembeeni njia hiyo familia nzima usiku, kwa tochi, kwa mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote. Bibi akitumia dakika ishirini na tano, basi muda wenu ni dakika ishirini na tano. Amueni nani anabeba mtoto mchanga, nani anashika mkono wa bibi, nani anafungua zizi. Ng'ombe na mbuzi hawafungwi kamba usiku wa tahadhari. Mnyama aliyefunguliwa hupanda mwenyewe, aliyefungwa huzama.

HATUA YA TATU: NDOO YA DHARURA

Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ndoo ni bora kuliko begi kwa sababu haipitishi maji, inaelea, na ukifika itakuwa chombo cha maji.

Anza na karatasi, na hapa nitaenda taratibu. Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, hati au barua ya kiwanja, kadi ya bima, kadi ya kliniki ya mtoto. Weka kwenye mfuko wa nailoni usiotoboka. Laza mezani, ukandamize kwa kiganja kutoka chini kwenda mdomoni mpaka hewa yote itoke. Sokota mdomo, ukunje mara mbili, ufunge kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Tia ndani ya mfuko wa pili, funga vivyo hivyo, lakini mdomo uelekee upande wa pili. Mfuko mmoja huwa na tundu usiloliona; miwili ni nadra kuvuja mahali pamoja. Kisha jaribu: uzamishe kwenye beseni dakika kumi. Ukiona kiputo, badilisha.

Vingine vinaingia upesi: dawa za kudumu za siku saba kwa mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV, tochi, betri zikiwa zimetolewa ndani yake ili zisivuje, redio ndogo, simu ya kitochi, filimbi, kiberiti ndani ya kichupa, kanga mbili, pedi, sabuni, vidonge vya kutibu maji, sukari, chumvi na kijiko cha chai, noti ndogo ndogo, maana siku ya maafa hakuna mwenye chenji. Chakula kiwe cha kuliwa bila moto: karanga za kukaanga, zabibu kavu, biskuti. Unga usiweke, hautakusaidia usiku ule.

Ndoo ikae karibu na mlango, si uvunguni.

HATUA YA NNE: NYUMBA YENYEWE

Ukuta wa tofali mbichi hauangushwi na nguvu ya maji peke yake. Safu ya chini inalowa, inakuwa uji, ukuta mzima unakosa miguu. Kwa hiyo chimba mtaro wa upana na kina cha sentimita 30, mita mbili kutoka ukutani, upande maji yanakotokea, uyapeleke bondeni na si kwa jirani.

Mwenye tembe, ile nyumba ya paa bapa la udongo, angalia paa. Udongo ukilowa huongezeka uzito sana. Ukiona vumbi au vipande vinadondoka, boriti imepinda, au mlango umeanza kubana, toka siku hiyo hiyo. Mwenye bati, panda ukague misumari ya pembeni na ile ya kwenye papi ya mwisho, yaani ubao wa mwisho unaoshikilia bati; upepo huanza kuchomoa hapo.

SIKU YENYEWE

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Angalizo, chaji simu na kagua ndoo. Tahadhari, watoto hawakatizi korongo hata kama ni kavu. Tahadhari kubwa, wazee, wajawazito na watoto wadogo walale kilimani kabla giza halijaingia.

Dalili za korongo lenyewe ni tatu: upepo wa baridi wenye harufu ya udongo, mngurumo kama lori lisilofika, na ulimi wa povu la kahawia unaosukuma vijiti. Ukiona povu, umebakiwa na muda wa kupanda ukingo tu. Acha baiskeli. Acha ndoo za mchanga.

Maji ya kasi ya sentimita 15, chini ya nusu ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hubeba gari dogo, 60 hubeba hata gari kubwa la juu. Dereva wa bodaboda, abiria akikuhimiza, mrudishie nauli yake.

Mtu akichukuliwa, usiingie, na usijifunge kamba kiunoni; mkondo utakuzamisha kwa kamba hiyo hiyo. Chukua dumu tupu la lita 20, kaza kifuniko, funga kamba kwenye mpini wa dumu, mrushie mbele yake, upande maji yanakoelekea, alikute. Dumu hilo linamshikilia mtu mzima juu ya maji. Anayeelea alale chali, miguu ikitangulia, apige mikono kwa mshazari kuelekea ukingo. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa polisi, umjulishe na mwenyekiti wa kijiji au mtaa.

BAADA YA MAJI

Usikimbilie ndani. Ukuta uliolowa huendelea kuanguka hata jua likiwa limetoka. Zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Kama hapako pakavu, usiguse. Tope likorogwe kwa fimbo ndefu kabla ya kutia mkono, nyoka hujificha humo.

Kisima kilichoingiwa na maji ya korongo kimeingiwa na vyoo pia. Chuja maji kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha chemsha mpaka yatokote, au tia kidonge kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Akiharisha mtu, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Onja: chumvi isizidi ya machozi. Mpe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati, na akiharisha maji kama ya mchele, msisubiri kuche.

Mkisharudi, fungua ndoo, anika kila kitu, badilisha dawa zilizokaribia kuisha muda, ujaze upya karanga zilizoliwa. Mwezi Januari hadi Aprili korongo hujaa zaidi ya mara moja.