Mnaouliza kuhusu haya mabomba yenye kutu nyuma yangu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sikupanga kurekodi, ila swali ni lile lile kila siku: "Dada, uko Ujerumani kweli? Mbona nyuma yako ni mabomba yenye kutu?" Na wengine: "Sema kiingilio, acha kuringa." Nawajibu, na wala sijibu kwa kuringa wala kwa kulia shida.

Hapa ni Duisburg, bustani ya Landschaftspark. Kiingilio hakuna, usiku na mchana pako wazi. Nashuka tramu namba 903, natembea kidogo, nimefika.

Kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha chuma. Tanuru la kwanza liliwashwa 1903, kikafungwa 1985, wakazi wakapinga kisibomolewe. Mbunifu Peter Latz akayaacha matanuru yamesimama. Lile namba 5 unapanda ngazi mpaka juu kabisa, na tangi la gesi wamelijaza maji, watu wanapiga mbizi humo.

Lakini kinachonileta mimi ni huu mto. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona maji yalivyo? Hii ni Emscher ya zamani, yaani mkondo wa zamani wa mto Emscher, na ulikuwa mfereji wa maji taka, wazi hivi hivi. Sio kwamba walishindwa kufukia mabomba kwa uvivu. Chini walikuwa wanachimba makaa ya mawe, ardhi inatitia, bomba ukilifukia linapasuka. Wakaamua mto wenyewe ndio uwe bomba. Machimbo yalipofungwa ndipo wakaweza kufukia. Sasa hivi maji taka yanapita kwenye bomba lake huku chini, na haya mnayoyaona juu ni ya mvua, yamekingwa kwenye mapaa. Mto Emscher wenyewe, ule mkubwa, waliutenganisha na maji taka mwisho wa 2021, baada ya kazi ya miaka 30 na zaidi ya euro bilioni 5. Mimi nimekulia karibu na mto Msimbazi, Dar es Salaam. Naijua harufu ya mto uliogeuzwa choo. Ndiyo maana nikisimama hapa siondoki haraka.

Sasa hili la kuringa. Mwaka jana kibali changu cha kuishi kiliisha nikiwa bado nasubiri miadi. Barua pepe nne, kimya. Nikapewa karatasi ya muda. Nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika kwenye mkunjo. Kazini wakasema hawaielewi, wakanipunguzia zamu. Kodi ya nyumba haikupungua. Kadi ilipotoka nikalipa euro 93. Miezi ile nilikuwa nakuja kukaa kwenye ukuta huu na chapati yangu kwenye foili, kwa sababu hapa hakuna anayekudai kitu. Na ndiyo wiki mtu aliniandikia, "Wewe unakula bata tu huko." Nilikuwa nimekopa ili nimtumie mama hela ya dawa. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Mnaouliza kama mje Duisburg, mimi siwezi kukuamulia. Mwenzangu wa mji huu huu kibali alipata ndani ya wiki tatu. Kila mtu na faili lake.

Oneni ule mti wenye gome jeupe, umeota juu ya mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma, hakuna aliyeupanda. Haya, nawahi zamu ya jioni. Matanuru huwashwa taa za rangi usiku. Nikipata siku ya mapumziko nitawarekodia.