Mji wa bustani si maua

Ahsante mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Mnivumilie: nataka Dodoma yetu iwe mji wa bustani, na naanzia kwenye kiwanja changu.

Nilipopata kiwanja changu upande wa Mtumba, mchoro wa mipango miji ulikuwa na kipande cha kijani katikati ya mtaa: eneo la wazi, na soko pembeni. Palepale chini ya mkwaju mama mmoja akiuza nyanya, mlenda na chumvi ya kupima. Ukitoka kazini unapita, mnajuliana hali, unasikia nani anaumwa, nani kafiwa. Siku moja tukakuta vijana wanapanda mawe ya mipaka. Kuuliza, tukajibiwa matumizi yamebadilishwa. Na nani? Kwenye mkutano upi? Kimya. Mkwaju ukakatwa, ukuta ukapanda, geti jeusi likafungwa. Mama akahamia kando ya lami, mgambo wakamtimua. Leo nyanya za shilingi 500 nazifuata kwa bodaboda ya 1,000. Mnacheka! Mimi siku ya kwanza mboga ilikuwa tayari jikoni, nyanya hakuna.

Kuna mtu hapo nyuma anajisemea: mzee, Dodoma hii kame, bustani gani? Hapo ndipo tunapokosea. Ebenezer Howard, aliyeandika kuhusu miji ya bustani Uingereza mwaka 1898, hakuwa mtunza maua. Alikuwa mwandishi wa hatimkato, yule anayenakili hotuba kwa alama za haraka. Alipiga hesabu ya ekari 6,000 kwa watu 32,000, mji ukae kwenye ekari 1,000 tu, kwingine kote mashamba. Kwetu sisi mashamba hayo ni zabibu za Mpunguzi na Hombolo, kama hatutazikata zote kuwa viwanja.

Lakini kiini chake wengi wanakiruka: ardhi iwe ya jumuiya, na kodi yake ya pango iwarudie wakazi. Kiwanja chako hakikupanda bei kwa jasho lako, bwana. Kimepanda kwa sababu ya barabara, ya shule, na ya yule mama wa nyanya uliyemfukuza. Letchworth, mji wa bustani wa kwanza huko Uingereza, ulianza 1903, na hadi leo mapato ya ardhi yake yanatumika palepale mjini.

Msiniambie hayo ni ya Wazungu. Tuliamua kuhamishia makao makuu ya nchi hapa Dodoma 1973, na mpango kabambe wa 1976 uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda basi. Jaribu leo kutembea kutoka Iyumbu hadi sokoni saa saba mchana, halafu tuongee.

Nilikuwa na la maji, na la miti, maana kupanda mti mbele ya kamera halafu usimwagilie kiangazi chote ni kuua mti. Naona mwenyekiti anaangalia saa. Basi, nyoosheni mikono: nani anajua eneo la wazi la mtaa wake liko wapi kwenye mchoro?

Watatu. Ukumbi mzima huu.

Haya, wewe mama wa kilemba cha bluu: lipo bado?