Nitajuaje kama kodi ya nyumba ninayolipa ni ya haki? Kutoka Berlin hadi Tabata

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Leo niko jikoni kwangu hapa Neukölln, Berlin, na hii mnayoiona mkononi ni futi ya fundi. Nitawaonyesha imenisaidiaje.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyepanga Tabata, Dar es Salaam, alinitumia ujumbe wa sauti saa tano usiku. Mwenye nyumba kamwambia kodi inapanda kutoka laki mbili hadi laki mbili na themanini, na alipe miezi sita kwa mkupuo. Akaniuliza, "Kaka, hii bei ni ya haki au naonewa?" Nikataka kumjibu palepale kwamba anaonewa, maana ni mdogo wangu. Lakini nilikuwa sijui. Naye alikuwa hajui. Aliyekuwa na jibu ni dalali peke yake: "Mjini sasa hivi bei ndiyo hiyo."

Mimi nilishapita hapo. Nilipoipata nyumba hii nilikuwa nimehangaika miezi mitano, nalala kwa watu, kwa hiyo nilipoambiwa euro 700 kwa mwezi nikasaini siku hiyohiyo. Na hizo 700 ni zile Wajerumani wanaziita kodi baridi, Kaltmiete, yaani chumba kitupu. Joto, maji ya moto na taka unalipia juu yake. Mkilinganisha kodi za huku, ulizeni kwanza mtu anakutajia ya baridi au ya moto, la sivyo mtadanganyana bila kukusudia.

Mwaka ukapita. Jirani yangu wa chini, mama wa Kituruki ambaye kaishi jengo hili miaka mingi, akanitajia kodi yake. Sikulala usiku ule. Kesho yake akaniambia, usinifuate mimi, fuata Mietspiegel.

Mietspiegel maana yake ni kioo cha kodi. Ni jedwali linalotolewa na jiji. Unaingia kwenye intaneti, unaandika mtaa na namba ya nyumba, mwaka jengo lilipojengwa, ukubwa kwa mita za mraba, kisha unajibu maswali kuhusu bafu, jiko, nyumba yenyewe, jengo na mazingira. Linakupa kodi ya kawaida ya nyumba kama yako kwa kila mita ya mraba.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye uzito. Kioo kile hakiangalii matangazo ya nyumba zilizo wazi leo. Kinahesabu kodi zilizokubaliwa au kubadilishwa ndani ya miaka sita iliyopita, kwa hiyo yumo mpangaji aliyeingia mwezi jana na yumo aliyeingia miaka mitano nyuma. Bei ya tangazo ni bei ya mtu aliyebanwa. Mimi nilikuwa nimebanwa, nikadhani kubanwa kwangu ndiyo bei ya mji.

Ndipo nikanunua futi. Mkataba uliandika mita za mraba 54. Lakini naishi juu kabisa, dari limeinama. Oneni pale kitandani. Kwa kanuni zao, sehemu ambayo dari haifiki mita 1 haihesabiwi, na kati ya mita 1 na 2 inahesabiwa nusu. Nikapima mara mbili, nikapata 50. Jedwali likanipa euro 8 kwa mita, yaani 400. Tangu 2015 Berlin ina sheria inayosema mpangaji mpya asitozwe zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango hicho. Ni 440. Mimi nilikuwa nalipa 700.

Sheria hiyo haigusi kila nyumba. Jengo lililoanza kukaliwa baada ya Oktoba 1, 2014 halimo, na nyumba iliyokarabatiwa upya kabisa halikadhalika. Na kama mpangaji aliyetangulia alikuwa akilipa zaidi, mwenye nyumba anaruhusiwa kubaki na bei ile, ila lazima akueleze kabla hujasaini. Mimi sikuelezwa lolote.

Ndugu zangu mlio huku na vibali vya muda, najua mnachoogopa, maana nami niliogopa: nikilalamika nitafukuzwa. Sheria ya Ujerumani hairuhusu mwenye nyumba kukutoa ili tu apandishe kodi. Nikajiunga na chama cha wapangaji, mwanasheria wao akaandika barua, ikachukua miezi saba. Kwa kuwa mkataba wangu ni wa baada ya Aprili 2020 na nililalamika kabla ya miezi 30 kwisha, nilikuwa na haki ya kudai nilichozidishiwa tangu mwezi wa kwanza wa mkataba. Miezi 14 kabla ya barua peke yake ilikuwa euro 3,640. Nililia, siwafichi. Ile ilikuwa ada ya shule ya watoto wa marehemu kaka.

Sasa Tabata. Tanzania sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Kenya ya kwao ipo, lakini inagusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba hiyo Nairobi leo utaitafuta sana. Kwa hiyo kioo cha serikali hakuna. Nikamwambia mdogo wangu, tengeneza chako.

Dalali usimuulize. Yeye anakula kodi ya mwezi mmoja kwa kila anayeingia, bei ikipanda na chake kinapanda, na anaijua bei ya kuingilia tu. Waulize waliokaa miaka mitatu, minne, mtaa uleule. Andika kwenye daftari: chumba na sebule au chumba kimoja, ukubwa, choo cha ndani au cha kuchangia, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, mita ya umeme ya LUKU ni ya peke yako au ya pamoja, masika njia inapitika, analipa kwa miezi mingapi, aliingia mwaka gani. Hilo la mwisho msilisahau.

Mdogo wangu kazunguka nyumba tisa. Za kama yake zinalipiwa kati ya laki moja na themanini na laki mbili na thelathini, na mbili kati ya hizo kila moja ina LUKU ya peke yake, wakati yeye anachangia na wapangaji wanne. Mwenye nyumba wake ni mama mtu mzima, wameishi vizuri, hataki kugombana naye wala mimi sitaki. Jumamosi anakwenda na daftari, atamwamkia, atamfungulia kurasa, atamwomba laki mbili na ishirini kwa miezi mitatu mitatu.

Nanyi hapo chini niandikieni mtaa, aina ya chumba, kodi na mwaka mlioingia. Majina msiweke. Nitayapanga yote kwa mitaa na kuwarudishia kwenye video ijayo, tuanze na Tabata, Mbagala na Kimara.