Hesabu ya Mlango kwa Mlango

Asante, mwenyekiti. Wanaonifahamu wameshajua nitasema nini, na wengine nawaona wanatabasamu. Tabasamuni, lakini hesabu ya saa za njiani kwenda na kutoka kazini mtapiga.

Niliwahi kuacha kazi ya jirani nikafuata ya mbali kwa nyongeza ya asilimia 20. Mwezi wa kwanza nikatia daftari mfukoni. Sikuandika saa ya basi kuondoka. Niliandika saa ninapofunga mlango wa nyumba na saa ninapokalia kiti cha kazi. Jioni vivyo hivyo. Maana kuhusu njia tunajidanganya wenyewe: “saa moja tu,” tukisahau foleni, kusubiri kituoni na kipande kile cha kutembea. Saa moja yangu, daftari lilinisomea saa moja na nusu. Kwenda na kurudi, saa 3. Kwa wiki ya siku 5, saa 15. Kwa wiki 48 za mwaka, saa 720. Gawanyeni kwa siku ya kazi ya saa 8: siku 90! Wiki 18 za kazi, na hakuna aliyenilipa hata moja.

Tuendelee. Kazi ya zamani tuseme ilinipa 100 kwa siku, kodi imeshakatwa. Toa nauli 2, gawanya kwa saa 8 za kazi na 1 ya njiani: karibu 10.9 kwa saa. Mpya 120. Nyongeza ikakatwa kodi 4, nauli ikawa 6, zikabaki 110. Gawanya kwa saa 11, 8 za kazi na 3 za njiani. Kumi kamili! Nimepandishwa mshahara, saa yangu imeshuka bei. Na sijagusa chakula cha kununua, kwani anayetoka gizani hapiki.

“Saa ya njiani nayo ni ya kazi?” Nimekusikia, wewe wa nyuma unayeguna. Kama si kazi, ungefuata nini kituoni alfajiri? Mwingine huniambia njiani anasoma. Umening'inia kwa mkono mmoja, kwapa la mwenzio usoni, ukurasa anakufunulia nani?

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichapisha mwaka 2008 utafiti wa takwimu za Ujerumani. Kwa nadharia, safari ndefu hufidiwa na mshahara mnono au nyumba nzuri. Wao walikuta wenye safari ndefu wameridhika na maisha kidogo kuliko wenzao wa safari fupi. Fidia haikutosha.

Najua, si kila mtu ana pa kuchagua. Asiye na kazi nyingine na aende, simlaumu. Na anayehamia karibu na kazini, pango la huko nalo aliandike daftarini.

Nilitaka pia kumsema bosi anayepiga simu usiku, na kufanyia kazi nyumbani siku 2 kwa wiki, ambako kungeniokolea saa 288 kwa mwaka. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Swali la kwanza nampa yule aliyeguna, ila atuambie kwanza: leo umefunga mlango saa ngapi?