Homa ya Ini Inapohamia Kwenye Mishipa ya Damu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mwenyekiti ameshanitambulisha, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada.

Ukitaja homa ya ini, watu huwaza macho ya njano, tumbo kujaa maji, na mwisho wake saratani. Ni kweli. Lakini wapo wagonjwa wanaofika hospitali kwa sababu nyingine kabisa: huyu unyayo umelegea hauinuki, yule presha imepanda ghafla, mwingine ana madoa mekundu miguuni yasiyopotea ukiyabonyeza kwa kidole. Wengi wao hawajui kwamba wana virusi vya homa ya ini. Shida yao iko kwenye mishipa ya damu, na mharibifu wa mishipa hiyo kwa kiasi kikubwa si kirusi. Ni kinga ya mgonjwa mwenyewe. Nawaomba mlishike hilo, maana tukifika kwenye dawa ndipo litakapokuwa na uzito.

Mwaka 1866, huko Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul na mwenzake Rudolf Maier walichapisha taarifa ya fundi cherehani wa miaka 27. Alikuwa na homa, amekonda, tumbo linamuuma, na mishipa ya fahamu inakufa hadi akapooza. Aliishi takriban mwezi mmoja tu. Walipompasua walikuta ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zile za ukubwa wa kati, zimejaa vinundu. Ugonjwa huo leo tunauita poliateraitisi nodosa. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyejua unaletwa na nini.

Fununu ilitoka kwingine. Mwaka 1905 kule Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick waliandika kuhusu watoto waliodungwa seramu ya farasi, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli, kutibu dondakoo. Siku kadhaa baadaye, mara nyingi baada ya wiki moja au zaidi, mtoto anapata homa, vipele na maumivu ya viungo. Kwa nini si siku ileile? Kwa sababu mwili unahitaji muda kutengeneza kingamwili, protini za kinga zinazoshika kitu kigeni, dhidi ya protini za farasi. Zikishatengenezwa, zinazikuta protini zile bado zimo kwenye damu, zinashikana nazo, na ugonjwa unaanzia hapo. Kwangu mimi hii ni moja ya hoja safi kabisa katika historia ya tiba: walihesabu siku tu, wakagundua kwamba kinga inaweza kuumiza.

Sasa ungeni na homa ya ini. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walieleza antijeni, yaani kitu kinachoamsha kinga, waliyoikuta kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, ambayo baadaye ilibainika kuwa ganda la kirusi cha homa ya ini B. Kufikia 1970, madaktari wa Marekani na wa Ufaransa, kila upande kwa kazi yake, wakaripoti antijeni hiyohiyo kwa wagonjwa wa poliateraitisi nodosa.

Hapa naomba twende polepole. Seli ya ini iliyoambukizwa kirusi B haitoi virusi kamili peke yake. Inamwaga kwenye damu maganda matupu, na maganda hayo huwazidi virusi kamili mara maelfu. Kingamwili za kwanza zinapoanza kutoka, ni chache na maganda ni mengi. Zinashikana, zinaunda vifurushi vidogo. Kifurushi kikubwa kingedakwa upesi na seli za kusafisha damu kwenye ini na bandama. Hivi vidogo vinaponyoka, vinazunguka, na mwisho vinanasa kwenye ukuta wa ateri, hasa pale inapogawanyika matawi, kwa kuwa hapo damu haitembei kwa utulivu. Vikishanasa vinaamsha komplementi, protini za damu zinazoisaidia kinga. Komplementi zinaita seli nyeupe. Seli nyeupe zinafika, hazioni bakteria wa kula, zinamwaga vimeng'enya vyake palepale ukutani. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kinga ni jeshi. Mfano huo siupendi, kwa sababu unawafanya wadhani kuna adui aliyesimama pale ukutani, kumbe hayupo.

Ukuta ukifa, mshipa ama unatuna na kuweza kupasuka, ama unaziba. Ukiwa wa figo, presha inapanda. Ukiwa wa utumbo, tumbo linauma baada ya kula. Ukiwa ule mdogo unaolisha mshipa wa fahamu, mtu anaamka unyayo hauinuki. Kwa wanaume korodani inaweza kuuma, na hilo hawalisemi mpaka uwaulize. Mapafu kwa kawaida yanasalimika.

Na hutokea mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza wa maambukizi, kwa mtu mzima ambaye kinga yake imestuka. Huku kwetu wengi waliambukizwa B wakiwa wachanga au watoto wadogo, na kinga ya mtoto mchanga hukizoea kirusi. Kwa hiyo kati ya wenye B wa muda mrefu tunaokutana nao kliniki, ugonjwa huu ni nadra. Nadra, sikusema haupo.

Kirusi cha homa ya ini C kina njia yake. Kiligunduliwa mwaka 1989. Kinashikamana na seli B (hizi ni seli za kinga, jina tu, hazihusiani na kirusi B), ndizo zinazozaa kingamwili, na kinazichokoza miaka nenda rudi. Baadhi zinazaliana kupita kiasi na kutoa kingamwili za ajabu, zinazoshika kingamwili nyingine. Mchanganyiko huo unaitwa krayoglobulini. Mmeona mafuta ya nazi asubuhi ya baridi yalivyoganda kwenye chupa, na mchana yakayeyuka yenyewe? Ndivyo zinavyofanya: kwenye ubaridi zinaganda, kwenye joto zinayeyuka. Karibu nusu ya wenye C sugu wanazo kwenye damu, ingawa wanaougua mishipa kwa sababu yake ni wachache, chini ya asilimia 15. Safari hii mishipa inayoumia ni midogo: madoa miguuni, viungo kuuma, ganzi, na figo kuvuja protini na damu.

Nikae kidogo na watu wa maabara, maana kipimo hiki tunakiua kwa mikono yetu. Tumefundishwa sampuli iende kwenye kisanduku cha barafu. Ya krayoglobulini ukiiweka humo, protini zinaganda kabla hujaitenganisha seramu, zinabaki chini pamoja na seli nyekundu, na jibu linarudi "hakuna". Sirinji na chupa zipashwe joto, damu ibaki kwenye nyuzi 37 hadi igande na izungushwe kwenye mashine. Seramu ikishatengwa ndipo iwekwe kwenye friji, nyuzi 4, na iachwe hadi siku saba. Kama huna uwezo huo, pima komplementi: C4, mojawapo ya protini hizo, ikiwa chini sana, na mgonjwa ana kirusi C na madoa miguuni, endelea kushuku.

Sasa dawa. Ukiona mishipa inaungua, mkono unakwenda wenyewe kwenye prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga. Mgonjwa atapata nafuu, lakini ukimpa miezi mingi peke yake kirusi B kinazaliana, maganda yanaongezeka, nawe unazidi kuzalisha vile vifurushi. Wafaransa ndio waliotuonyesha mpangilio mwingine: steroidi kwa muda mfupi kwa aliye hoi, kubadilisha plazma, majimaji ya damu, ili kuondoa vifurushi, na dawa ya virusi tangu mwanzo. Leo tunazo tenofoviri na entekaviri. Kwa C, vidonge vya wiki 8 au 12 vinaondoa kirusi kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, na aliyezidiwa huongezewa rituksimabu, dawa inayoangamiza seli B. Hiyo isitolewe kabla ya kupima B, kwa sababu inaweza kukiamsha kirusi kilicholala na ini likafeli.

Chanjo nayo imefanya kazi ambayo watu hawaizungumzii. Ufaransa, zamani zaidi ya theluthi ya wagonjwa wa poliateraitisi nodosa walikuwa na B. Baadaye wakashuka chini ya asilimia 5.

Kuna karatasi nimepokea hapa mbele: "Aliyepona C, je, mishipa nayo imepona?" Mara nyingi ndiyo, madoa hupotea kwanza na ganzi hukawia. Ila kwa baadhi ya watu zile seli B zilizochokozwa miaka mingi zinaendelea kutoa krayoglobulini hata kirusi kikiwa hakipo tena, na wachache hupata saratani ya tezi za limfu. Kwa hiyo msimfungie faili siku jibu linaporudi safi. Mpeni tarehe ya kurudi, na mwambieni akiona tezi zimevimba shingoni au anatoka jasho jingi usiku asingoje tarehe hiyo.