Kiangazi Ziwani, Katikati ya Jangwa

Ndugu zangu, habari za jioni, na shukrani kwa wenyeji walioandaa kikao hiki. Niliombwa nizungumzie chama cha mashua za tanga kwenye ziwa la jangwani, na nadhani wengi wenu mmekuja mkitarajia habari za mashindano. Hayo nitayagusa kidogo tu. Kwetu Arizona, jimbo la Marekani, tunashindana hasa kuanzia vuli hadi mwanzoni mwa joto, wakati hewa ni nzuri na upepo una nguvu. Mimi nataka kuzungumzia miezi ile mingine, Juni hadi Septemba, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba chama hujengwa wakati huo, pale ambapo hakuna kikombe cha kushindania.

Kwanza mlijue ziwa lenyewe. Lake Pleasant liko kaskazini-magharibi mwa jiji la Phoenix, limezungukwa na milima mikavu yenye mipungate ya saguaro. Halikuumbwa na maumbile. Bwawa la Waddell lilikamilika mwaka 1927 na kuuzuia mto Agua Fria ili mashamba yapate maji. Mwaka 1994 likamalizika bwawa jipya kubwa zaidi, na lile la zamani likamezwa na maji. Siku hizi sehemu kubwa ya maji hayo hutoka mbali, mto Colorado, kwa mfereji unaoanzia Lake Havasu na kukata jangwa hadi kusini mwa Tucson, urefu wa kilomita 540 hivi. Wakati wa baridi, mahitaji yakiwa madogo, maji husukumwa kuingia ziwani. Wakati wa kiangazi, miji na mashamba yakiwa na kiu, hufunguliwa yakatoka.

Maana yake kwa mwenye mashua ni kubwa. Ziwa hujaa wakati wa baridi na hupungua wakati wa joto, kinyume cha mambo yalivyo kwenye maziwa mengi ya theluji. Tunapopiga bisho, yaani kusafiri kuukabili upepo, mwezi Mei juu ya maji marefu, mwezi Agosti pana mwamba umetoa kichwa. Kati ya hizo siku mbili kuna wiki kadhaa ambazo mwamba huo haujaonekana bado lakini tayari unaweza kung'oa mkuku, uti wa chini ya mashua. Ramani haisaidii sana hapo, kwa sababu kina hubadilika wiki hadi wiki. Kinachosaidia ni mtu aliyepita jana. Ndiyo maana kwenye gati letu, wakati wa kiangazi, salamu huja pamoja na taarifa: "Shikamoo mzee, ile rasi ya mashariki ipite mbali, nimeona maji yamebadilika rangi." Anayeficha taarifa hiyo anahatarisha mwenzake, na hakuna anayeificha.

Sasa joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipita siku 31 mfululizo, kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, kila siku kipimo kikifika au kupita nyuzi 43 za Selsiasi. Ziwani si tofauti sana. Vyuma vya sitaha haviguswi kwa mkono mtupu, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Mgeni hudhani hatoki jasho, anaacha kunywa maji, na baada ya saa mbili kichwa kinamuuma na maneno yanaanza kumchanganya. Kwa hiyo tuna desturi kwamba hakuna anayetweka tanga peke yake mwezi Julai. Mnakwenda wawili au zaidi, na kila mmoja anamwangalia mwenzake usoni. Baharia akinyamaza ghafla, mashua inarudi. Hapo hatujadiliani.

Joto linagusa hata tanga. Hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia kumi, kwa hiyo upepo wa kasi ileile unasukuma kwa nguvu pungufu. Waliozoea pwani huliona jambo hilo mara moja: kipima upepo kinasema kitu kimoja, mashua inasema kingine.

Ratiba yetu basi inafuata jua. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, maana Arizona karibu yote haisogezi saa mbele kama majimbo mengine ya Marekani. Wakati huo hewa iliyopoa usiku inateremka kutoka milimani na kupita juu ya maji. Ni upepo laini, mara nyingi wa kaskazini, unaodumu hadi jua lipande. Kisha huja shwari, na sisi tunaondoka. Alasiri miteremko ikishapata joto hewa hupanda, na upepo hugeuka ukatoka kusini. Jioni tunarudi.

Asubuhi hizo ndizo za watoto. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Wakati wa baridi maji ni baridi, na mtoto akianguka anaogopa; woga ukimwingia siku ya kwanza, kumtoa huchukua miaka. Kiangazi maji ya juu ni vuguvugu. Kwa hiyo tunafanya makusudi kile wanachokiogopa: tunapindua mashua ndogo, tena na tena. Mtoto amevaa jaketi la uokozi, mtu mzima yuko majini pembeni. Mashua inalala ubavu, tanga limelala juu ya maji. Mtoto anaogelea kuzunguka tezi, yaani nyuma ya mashua, anashika ule ubao wa katikati uliochomoza chini ya mashua, anapanda na kusimama juu yake, anashika ukingo na kujilaza nyuma kwa uzito wake wote. Kwa sekunde kadhaa hakuna kinachotokea. Tanga limebeba maji, mashua haitaki. Halafu mlingoti unaanza kunyanyuka taratibu sana, maji yanamwagika kutoka kwenye tanga, na ghafla mashua inasimama wima kwa kishindo. Ukimwona mtoto usoni wakati huo unaelewa kwa nini wazee wetu wako tayari kuamka saa tisa usiku kuja kusimama majini.

Na ni wazee hasa wanaokuja. Hao washindani hodari wengi wao mwezi Julai wamefunga mashua kwenye trela wakaenda San Diego kutafuta baridi ya bahari, na siwalaumu hata kidogo, bahari ni bahari. Ila wanaobaki ndio wanaofundisha. Yupo bibi mmoja ambaye kila kiangazi huwakusanya vijana kivulini na rundo la kamba. Anachukua kamba, anaikunjua nyuzi zake kwa kuizungusha kinyume, anawaonyesha ndani. Nje kamba imepauka kwa jua, jambo la kawaida. Swali ni kama ndani rangi bado ipo. Nyuzi za ndani zikiwa zimepauka pia na zinatoa unga vidoleni, kamba hiyo haishikilii mashua tena. Jua la jangwani linaua kamba, linaua mishono ya tanga, linapasua matairi ya trela ambayo hata hayajasafiri. Vijana wanajifunza kukagua kabla ya kuamini, na hakuna darasa la darasani linalofundisha hivyo.

Kati ya Juni 15 na Septemba 30 ni majira ya monsuni. Unyevu hutoka kusini, mawingu hujijenga juu ya milima alasiri, na dhoruba huweza kushuka bila kukupa muda. Hewa iliyopozwa na mvua huanguka kutoka wingu na kutawanyika juu ya ardhi kwa kishindo, ikibeba vumbi mbele yake. Tarehe 5 Julai 2011 ukuta wa vumbi wenye kimo cha zaidi ya kilomita moja uliifunika Phoenix. Mtu aliye ziwani akiona anga inageuka kahawia ana dakika chache za kutua tanga, na mlingoti wake ndio kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji tambarare, kwa hiyo radi ni hatari kuliko upepo. Tukishasikia ngurumo tunatoka majini, na tunahesabu dakika thelathini baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi.

Dhoruba za usiku ndizo zinazoonyesha watu. Upepo ukivuma saa nne usiku, simu zinaanza kulia, si za wenye mashua zilizo hatarini peke yao. Watu wanaendesha gari gizani hadi gatini kwenda kuongeza kamba kwenye mashua ya mtu aliyesafiri. Nimewaona watu waliogombana vikali katika mkutano wa chama kuhusu kanuni za mashindano, wakiwa bega kwa bega chini ya mvua, mmoja anasukuma mashua mbali na gati kwa miguu, mwingine anafunga. Kesho yake ule ugomvi ulikuwa bado haujaisha. Lakini waliendelea nao kwa adabu nyingine kabisa.

Usiku wa mbalamwezi, anga ikiwa safi, tunafunga mashua pamoja katikati ya ghuba. Kazi hii ina ufundi wake. Mashua nzito kuliko zote inatia nanga kwanza na kusubiri hadi nanga iume. Nyingine zinakuja moja moja, kushoto na kulia kwa zamu ili uzito usielemee upande mmoja, huku mipira ya kuzuia kugongana imening'inizwa ubavuni. Kila mashua inasogezwa mbele au nyuma kidogo kuliko jirani yake, ili milingoti isigongane boti la injini likipita na kuzitikisa. Baada ya hapo unaweza kutembea kutoka mashua hadi mashua, na chakula kinatembea vilevile. Agosti, karibu na tarehe 12, tunalala chali sitahani kutazama vimondo vya Perseid. Mara nyingine punda wa porini hushuka kunywa maji ukingoni, na sauti yao inasikika ng'ambo yote ya ghuba.

Lakini kabla ya mtu kufungua chakula, nahodha wa mashua yenye nanga hutaja mpangilio wa kuachana: nani anafungua kamba kwanza, nani wa pili, kila mmoja anaelekea wapi. Nanga moja haiwezi kushika mashua nane katika upepo wa monsuni. Kila mmoja anarudia nafasi yake kwa sauti, hata wageni, hata watoto. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya usiku, kupita vimondo.

Jambo moja zaidi, fupi. Januari 2007 kome wa kwaga, viumbe wa gamba wenye asili ya Ulaya, walipatikana Lake Mead, ziwa jingine la mto Colorado, na baadaye wakaenea kwenye maji ya Colorado hadi kwetu. Wanaziba mabomba na kuganda kwenye kila kitu. Kwa hiyo mashua inayotoka ziwani kwenda ziwa jingine lazima isafishwe, ifunguliwe kizibo imwage maji, na ikaushwe. Tunafanya kazi hiyo kwa pamoja pale penye njia ya kupandishia mashua, na tunamsaidia yeyote, awe mwanachama au asiwe.

Najua baadhi yenu mnajiuliza mtu asiye na mashua anaingiaje. Anaingia kiangazi. Oktoba, mashindano yakianza, manahodha wanatafuta mabaharia, na wanawachukua watu waliowaona Julai: aliyeleta maji ya kunywa ya ziada, aliyekumbuka nafasi yake ya kuachana, aliyesimama majini na mtoto wa mwenzake. Mashua za kujifunzia zipo, jaketi zipo. Njoo Jumamosi saa kumi na nusu alfajiri, na kofia yenye kamba ya kidevu, mikono mirefu, na maji zaidi ya unavyodhani utahitaji. Sasa niko tayari kwa maswali, na naomba tuanze na wazazi, maana mambo ya usalama wa watoto yanastahili muda.