Kibaba cha tele, kibaba cha mfuto

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimetakiwa nizungumzie biashara na kazi katika miji midogo ya Tanganyika enzi za ukoloni. Mwenyekiti kanipa dakika 40, na kwa jinsi anavyoitazama saa yake naona ameshaanza kuhesabu.

Kabla sijaenda mbali, tazameni hapa mezani. Nimekuja na makopo mawili, mfuko wa mtama, na sarafu moja yenye tundu. Kopo hili ni refu na jembamba. Hili jingine ni fupi na pana, kama bakuli. Nimeyapima kwa maji nyumbani, yanachukua sawasawa. Sasa naomba kijana mmoja aje. Karibu, baba. Jaza hili jembamba, kisha pitisha kiganja juu ya mdomo, sawazisha. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na hicho ndicho wazee walikiita kibaba cha mfuto. Sasa ongeza, mwagia mpaka mtama uanze kuporomoka wenyewe pembeni. Hicho ni kibaba cha tele. Kichuguu kile cha juu ni kidogo, si ndiyo? Kwa kopo hili ni kama sehemu 1 ya 10. Haya, fanya hivyohivyo kwa lile pana.

Mmeona? Kichuguu kimekuwa kilima. Hapo imeongezeka karibu robo nzima ya kopo. Mtama ni uleule, makopo ni sawa, na hakuna aliyeiba. Mdomo wa chombo ukiwa mpana, tele inanenepa. Mkulima wa zamani alilijua hilo bila kusomea hesabu, na mwenye duka alilijua pia. Ndiyo maana ukiniuliza biashara ya mji mdogo ilikuwa nini, sitaanza na bei. Nitakuuliza kwanza: kibaba kilikuwa mkononi mwa nani?

Mji wenyewe ulikuwaje? Chukueni miji iliyozaliwa kandokando ya reli. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo 1905. Mwaka huohuo wa 1905 Reli ya Kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Katika stesheni nyingi ukaota mtaa mmoja: boma la serikali kilimani, maduka machache ya bati yametazamana, soko, msikiti, na mwembe ambao chini yake pana kinyozi. Ukitembea polepole kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, tumbaku haijaisha kwenye kiko.

Watu walioamka pale kila siku hawakuwa wengi. Wengi walikuja na kurudi makwao. Walitembea saa 3, saa 4, na kichwani kuna kapu. Walifuata nini? Chumvi, nguo, jembe, mafuta ya taa, na juu ya yote sarafu, kwa sababu serikali ilidai kodi, na kadiri miaka ilivyokwenda ikaitaka kwa fedha taslimu. Huwezi kumlipa mtoza kodi kwa mbaazi.

Na sarafu zenyewe zilibadilika mpaka zikachosha. Chini ya Wajerumani rupia 1 ilikuwa pesa 64; kuanzia 1904 ikawa hela 100. Hizo ni heller za Kijerumani, na ndizo zilizotuachia neno hela ambalo leo ni jina la fedha yoyote ile. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja na meli zikakatika, Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora mwaka 1916, zikiwemo za dhahabu zenye tembo. Hizo mkulima hakuziona. Baadaye rupia ikaondoka, na kuanzia 1922 tukawa na shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Hii niliyoishika ni senti 10, wenyewe wakiiita peni. Ina tundu katikati, kwa hiyo waliitunga kwenye kamba kama shanga. Ipitisheni, lakini irudi.

Sasa turudi kwenye kibaba, kwa sababu hapo ndipo pana nyama.

Vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Kitu kizito kama pembe za ndovu au karafuu kilikwenda kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Mkono wa nani? Ahaa. Mwenye duka mfupi alikuwa na faida ya kuzaliwa nayo, na mteja mwenye akili alikwenda dukani na shemeji yake mrefu. Ugomvi huo ulikuja kupungua yadi ya mti ilipowekwa juu ya kaunta. Nafaka haikupata bahati hiyo mapema.

Piga picha ya nyumba moja, tuseme upande wa Dodoma. Mavuno yanaingia mwezi wa 6 au wa 7. Kila mtu anavuna, kila mtu ana deni na kodi, kwa hiyo kila mtu anauza, na bei iko chini. Nyumba hii inauza pishi 10. Mnunuzi anapima kwa chombo chake kipana, na desturi ni kwamba anayenunua kwa mkulima anapimiwa tele. Kwa hiyo zilizotoka ghalani kwa kweli si 10, ni 12 na nusu. Unafika mwezi wa 1, ghala limekauka na mvua inanyesha, shamba linataka nguvu na tumbo halina kitu. Nyumba ileile inarudi kwenye kaunta ileile kununua pishi 10. Sasa kopo ni jembamba, na kiganja kinapita juu: mfuto. Pishi 2 na nusu zimeyeyuka hata kabla hatujataja kwamba bei nayo imepanda. Mtama ule huenda ni wa shamba lao wenyewe, umelala dukani miezi 6, umerudi nyumbani umepungua.

Kulikuwa na ujanja mwingine. Kitako cha kopo kinabonyezwa kwa ndani. Kopo linatikiswa ili nafaka ishuke wakati wa kununua, wakati wa kuuza halitikiswi kamwe. Halafu likaja debe, lile bati la mafuta ya taa la galoni 4, mabati 2 kwa kila sanduku la mbao. Mafuta yalipoisha, debe likateka maji, likapima mahindi, likakatwa likaezeka banda, na mabaki yake fundi bati akayageuza koroboi. Nadhani hakuna kitu cha kigeni kilichofanya kazi nyingi kama debe katika nchi hii, na hatujawahi kukijengea sanamu. (Kicheko.)

Msinielewe vibaya kuhusu mwenye duka. Mara nyingi alikuwa Mhindi, mara nyingine Mshihiri, yaani Mwarabu kutoka Hadhramaut, na baadaye Mwafrika mwenzetu, na si wote waliokuwa na makopo mawili. Tena yeye mwenyewe alikuwa mdaiwa. Mizigo yake aliichukua mali kauli, yaani kwa mkopo wa kuaminiana, kwa tajiri wa pwani. Mnamkumbuka Allidina Visram, yule tajiri wa Kihindi aliyefariki 1916? Alianza Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, kisha akasambaza maduka yake bara mpaka Uganda. Mwenye duka la mtaa mmoja alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu wa aina hiyo. Alipokupa jora la kaniki, ile nguo nyeusi, deni lake lilikuwa tayari limeandikwa mahali fulani. Akikukopesha, anakukopesha alichokopeshwa.

Na alikopesha kwa daftari. Daftari lile mara nyingi liliandikwa Kigujarati. Mdaiwa hakuweza kulisoma hata kama alifundishwa misheni kusoma Kiswahili. Yeye alihesabu kwa fundo kwenye kamba, au kwa kichwa chake. Siku ya kulipa hesabu mbili zinakutana, moja ya wino na moja ya fundo, na niambieni ninyi ni ipi ilishinda.

Waingereza waliona tatizo hili, na chini yao ikatungwa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye mwenyeji hakuweza kumshtaki Mwafrika mahakamani kwa deni, isipokuwa mkataba umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Kwenye karatasi ni ulinzi. Lakini mwenye duka asiye na mahakama alifanyaje? Hakuacha kukopesha, maana angefunga duka. Alimtegemea anayemfahamu, akachukua rehani, na hatari aliyobeba akaiweka ndani ya bei na ndani ya kibaba. Na Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake, aliyehitaji mkopo wa maana wa bidhaa za jumla, akaambiwa sheria inamlinda. Kwa maoni yangu sheria ile iliwazuia wafanyabiashara wa Kiafrika kuliko ilivyowaokoa wakulima.

Kazi nyingine za mji nitazipitia haraka: hamali wa stesheni, mchoma mkaa, mama wa maandazi, mwandishi wa barua aliyekaa karibu na boma, fundi wa kushona katambuga kwa matairi. Mmoja tu nitasimama kwake: fundi cherehani. Hakuwa na duka. Alikaa kwenye baraza ya duka la nguo, na mara nyingi hata cherehani ilikuwa ya mwenye duka. Mteja ananunua kitambaa cha merikani ndani, anatoka nayo mlangoni, anapimwa kwa macho zaidi kuliko kwa futi. Nyumbani ni saa 4 kwa miguu, hawezi kurudi kesho. Kwa hiyo anakaa hapo kwenye ngazi, kifua wazi, akisikiliza pedali, na jua likielekea magharibi anavaa shati ambalo asubuhi lilikuwa jora. Wakati anasubiri anasikia bei ya pamba, nani amefariki, mtoza kodi yuko kijiji gani. Baraza ile ilikuwa gazeti la wilaya, na fundi ndiye mhariri.

Bei ya pamba. Hapo kibaba kinarudi kwa sura ya mizani. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walilalamika miaka na miaka kwamba mizani ya wanunuzi inakula. Karibu na 1950 wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko hotuba zote za kipindi kile: waliweka wapimaji wao wenyewe. Unalipa ada ndogo, mpimaji wenu anapima furushi lako kwanza, kisha unakwenda nalo kwa mnunuzi ukijua tayari uzito wake. Basi. Mnunuzi akisema vingine, mnaanza kuzungumza. Harakati hizo ndizo zilizozaa vyama vya ushirika vya pamba, na mwaka 1955 shirikisho lao kubwa la Victoria Federation, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye tulimwona Waziri wa Fedha. Kilimanjaro walitangulia kwa kahawa: chama cha wakulima cha KNPA 1925, kisha chama cha ushirika cha KNCU 1933. Lakini Wachagga walianza na chama. Watu wa Ziwa walianza na mizani, na mimi moyo wangu uko upande wa mizani.

Najua mzee pale nyuma ananisubiri aniulize: je, ushirika ulipochukua mizani, mizani ilinyooka? Mzee, hilo lataka dakika 40 nyingine. Naweza kukuambia tu kwamba kusini, korosho zikinunuliwa kinyemela kabla ya msimu, biashara hiyo inaitwa kangomba, na Kagera kahawa ikiuzwa ingali mtini inaitwa butura. Na ukipita barabara kuu yoyote leo utaona gunia la viazi limevishwa kofia ya kamba, limevimba juu kama mjamzito. Lumbesa. Imekatazwa na sheria, imehutubiwa na viongozi, na bado imesimama barabarani. Itazameni vizuri mtakapokuwa safarini. Ni kile kichuguu alichotujazia kijana wetu hapa mezani, kimekua tu.

Mwenyekiti ameshasimama, kwa hiyo nakusanya vyombo vyangu. Peni yangu iko wapi? Ahsante, mama. Mtama huu nimeuazima asubuhi kwa mama mwenye genge hapo nje. Alinipimia kwa kopo jembamba, akapitisha kiganja. Ameniambia wakati wa kurudisha atapima yeye, na nimeliona bakuli lake.